Mimba ya Shamsa

Lukozi,
Kwa duka la Paskali,
S.L.P. Lushoto.
14 Juni 1969

Mwanangu Yunis,

Assalaam alaykum. Usishtuke ukiona mwandiko usioujua, ni mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha jioni kimenifaa, ila mistari yangu bado inapanda mlima na mwalimu ameshachoka kusema. Mama yako hajambo, goti tu linamsumbua baridi ikizidi. Mdogo wako Zuhura amekuwa mkubwa, na wale wanaopita mbele ya nyumba yetu bila shughuli wameongezeka. Masika yalitunyeshea vizuri, kabichi zimefunga mpaka hatujui tuzipeleke wapi. Shamba la Bwana Miwani, yule mzungu, sasa ni la kijiji. Tunalima wote kwa pamoja siku tatu za wiki, na mwenyekiti wetu, Mzee Suleimani, anapiga filimbi kama refa.

Redio inasema karibu na huko Cairo kwenu, kwenye mfereji wa meli, mizinga ya vita inalia. Inakufikia? Nijibu hilo kwanza.

Sasa neno lililonikalisha kitako. Unamkumbuka Shamsa, yule farasi jike wa Bwana Miwani ambaye marehemu mume wangu Hassani alikuwa saisi wake, mtunzaji wake, mpaka siku anafariki. Bwana Miwani alipofunga mizigo kurudi kwao, mwezi wa pili, alinikabidhi kamba yake mbele ya kamati nzima, kwa sababu tangu Hassani aondoke hakubali kuguswa na mtu mwingine. Mzee Suleimani akasema sawa, Mwamvita akae naye, lakini katika kijiji cha ujamaa kila mwenye mdomo afanye kazi. Sikubisha. Tukamfungia plau. Akasimama. Akageuza shingo akaitazama ile plau, halafu akatutazama sisi. Mzee Suleimani akachukua fimbo, akampiga moja. Shamsa hakupiga teke, hakukimbia. Alinyoosha kichwa taratibu akamvua mzee kofia kwa meno, akaidondosha matopeni. Watu walicheka mpaka wakaketi, mzee hakucheka.

Kabichi anabeba mpaka barabarani bila neno. Plau hataki. Wewe unasomea udaktari wa mifugo huko kwa wenyewe, niambie huyu ni farasi wa namna gani, nipate la kusema kwenye mkutano.

Kuna na jambo jingine juu yake, lakini halitajwi mpaka lifike. Usiniulize.

Kula vizuri. Mimi shangazi yako,
Mwamvita


Cairo,
11 Julai 1969

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mwandiko wako nimeuonyesha kwa wenzangu wawili wa kutoka Bukoba, nikawaambia huyu ni shangazi yangu aliyeanza kisomo juzi. Wameniomba niache kujisifu. Mimi ni mzima. Kila asubuhi nakula maharage yao yenye mafuta na limau, si mabaya, lakini wiki iliyopita niliota nakula ugali wa bada na mboga ya kwetu nikaamka na hasira. Mwambie mama asichote maji mwenyewe. Na Zuhura amalize shule kwanza, hao wapitao waendelee kupita.

Umeniuliza Shamsa ni nani. Kaa chini, habari yake ni ndefu, na mimi ninapenda kuisimulia kuliko kusoma mitihani.

Huyo si farasi wa mkokoteni. Ni wa watu wa jangwani, Waarabu wa kuhamahama, nao wamemlea karne nyingi hivi kwamba hakuna anayejua alianzia wapi. Mwezi uliopita walitupeleka kuona makaburi ya wafalme wa kale. Ukutani wamechorwa farasi, shingo imepinda, mkia juu, tundu za pua wazi. Nilicheka peke yangu kwenye giza lile maana nilimwona Shamsa, na mwenye picha amekufa kabla ya Nabii Isa kuzaliwa.

Jangwani hakuna majani. Kwa hiyo farasi yule aliishi kwa mkono wa mtu: alinyweshwa maziwa ya ngamia, akapewa tende, na usiku wa baridi aliingizwa ndani ya hema akalala na watoto. Mwalimu wetu, mzee mmoja mcheshi, anasema ndiyo maana farasi hawa humchagua mtu wao na hawamsahau, na ndiyo maana ukimpiga hakuogopi, anakudharau. Mwambie hivyo Mzee Suleimani kwa lugha ya adabu. Mgongo wake mfupi, wengine huwa na ubavu mmoja pungufu ya farasi wa kawaida, na mifupa yake myepesi. Ameumbwa aende safari ya mbali kwa maji kidogo. Kuvuta plau hajaumbiwa, mtamvunja.

Na hili litakufurahisha. Wenyewe hawakuthamini dume, walithamini jike. Wakienda kuvamia kambi ya adui hupanda majike, kwa sababu dume likinusa farasi wengine hulia likawatangaza, lakini jike hunyamaza. Na ukoo wa farasi huhesabiwa kwa mama. Ulipokutana na mtu na farasi wake hukumuuliza baba wa farasi ni nani, ulimuuliza mama yake ni nani, na mama wa mama yake.

Shamsa mnong'oneze tu, atabeba. Na hilo jambo lisilotajwa, kama ni posa ya Zuhura, nimeshakisia.

Nawasalimu wote, hata Paskali, ambaye najua anaisoma barua hii kabla yako.
Mwanao, Yunis


Lukozi,
7 Oktoba 1969

Mwanangu Yunis,

Assalaam alaykum. Mama hajambo. Viazi vimeoza kidogo kwa ukungu. Paskali ameapa kwa Bikira Maria kwamba hasomi barua za watu, halafu akaniuliza kama ni kweli farasi wana ubavu pungufu.

Habari ya jike na plau niliisema kwenye mkutano, na plau ikaondolewa. Hongea, asante sana, mwanangu. Ungeniona nilivyosimama.

Lakini leo sina furaha. Lile jambo si posa. Shamsa ana mimba. Wiki ya pili baada ya Idi, mwanzoni mwa mwaka, Bwana Miwani alimpeleka Magamba kwa dume la mzungu mwenzake, na alipoondoka aliniachia na hilo. Sikukuandikia kwa sababu unajua kwetu la tumboni halitangazwi, awe mtu awe mnyama. Unafunga mdomo mpaka mtoto asimame, usije ukaliitia jicho baya. Nikafunga. Majirani waliona tumbo, nao wakanyamaza kama inavyotakiwa.

Sasa miezi tisa imekwisha, Yunis. Sisi tumekua na ng'ombe, tunajua hesabu hiyo toka utotoni. Imekwisha na Shamsa hajazaa, na kiwele hakijajaa hata kidogo. Mwezi wa nne ng'ombe wa Mzee Suleimani alipitisha siku hivihivi, kumbe ndama amekufa ndani. Alioza naye, akalia siku nyingi, na mzee hakupata usingizi. Bwana mifugo wetu amehamishwa na mpya hajafika, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza.

Jumapili kamati ilikaa. Nilisema nimeweka kiganja ubavuni nikasikia mtoto anapiga. Wakasema ni upepo. Mzee Suleimani aliongea kwa upole, nikatamani angenifokea. "Mwamvita, mimi si katili. Niliona yule wangu alivyokwenda. Huyu asiteseke hivyo, na asituletee ugonjwa zizini." Wameandika Lushoto, askari wa wanyamapori atakuja na bunduki Jumamosi ya tarehe ishirini na tano.

Hassani alimlea yule farasi tangu ana meno ya maziwa. Kama una neno la kidaktari, lilete upesi. Kama huna, niombee.

Habari ya mizinga hukunijibu.
Shangazi yako, Mwamvita


Cairo,
23 Oktoba 1969

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe nikiruka salamu.

Barua yako nimeikuta leo. Tulikuwa shamba la farasi nje ya mji wiki mbili kwa mazoezi, na mlinzi wa bweni aliiweka chini ya mto wake isipotee. Nimeisoma nimesimama, nikakimbia mpaka posta na viatu vya ndani. Nimepiga simu ya maandishi kwenda Lushoto: FARASI HUBEBA MIEZI KUMI NA MOJA SI TISA MSIMUUE YUNIS.

Shangazi, kumi na moja! Wakati mwingine hupitisha na wiki juu yake. Huku mtoto wa mchunga punda analijua hilo, na mimi katika ile barua ndefu nilikueleza makaburi na ngamia, hilo sikuliandika maana sikujua kama kuna haja. Shamsa hajachelewa. Bado ana kama wiki sita. Kiwele cha farasi hujaa mwishoni kabisa, na ule uliousikia ubavuni ni mguu wa mtoto, hakuna upepo unaopiga teke.

Lakini leo ni Alhamisi jioni na Jumamosi ni keshokutwa. Karani ameniambia simu itapita Nairobi au itapita London, hajui. Nilikaa kwenye ngazi za posta mpaka akatoka kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijui bado.

Umeniuliza mara mbili habari ya mizinga. Hapa mjini tunaisikia kwa mbali, si kila siku. Vioo vya madirisha vimepakwa rangi ya buluu ili taa zisionekane angani, kwa hiyo tunasoma kama samaki. Sikukuambia kwa sababu ungemwambia mama. Sasa nakuambia, maana leo sina nguvu ya kuficha kitu.

Kama barua hii inakufikia na kamba yake iko ukutani, usinijibu haraka. Lakini nijibu.
Yunis


Gare,
2 Novemba 1969

Mwanangu Yunis,

Assalaam alaykum, na pumua. Yuko hai. Nimeandika hilo juu kabisa usije ukasoma salamu na roho juu. Yuko hapa nje ya dirisha anamaliza maboga ya watu.

Ile barua ya tarehe saba sikukuambia nilichokuwa nawaza, kwa sababu barua zangu hupitia kwa Paskali. Nilikuwa nimeshakata shauri tangu nilipotoka mkutanoni. Unakumbuka uliandika kuhusu majike wanaonyamaza mbele ya kambi ya adui? Nililala nalo hilo. Ijumaa, tarehe ishirini na nne, nikangoja mpaka wanaume wote wameingia msikitini, nikafungua banda, nikamvisha kwato magunia, tukashika njia. Njia ni moja tu, inapita ubavuni mwa msikiti, dirisha wazi, imamu yuko kwenye hotuba. Punda wa Mzee Suleimani amefungwa pale nje. Alipomwona Shamsa alipasua koo, nikajua nimekwisha. Nikamnong'oneza Shamsa sikioni, "Nyamaza, mama, kama mama zako." Hakutoa sauti, Yunis! Hata puani. Alipita pale amenyoosha masikio tu.

Tulikwenda polepole kwa ajili ya tumbo. Tulilala Magamba, kesho yake tukateremka, tukapita nje ya mji wa Lushoto, jioni tukafika Gare kwa Secilia. Unamjua, tuliuza naye mboga soko moja miaka mingi. Hakuniuliza swali. Alitazama tumbo la Shamsa, akatazama miguu yangu, akaweka maji motoni.

Kijijini askari alikuja Jumamosi na bunduki akakuta banda tupu. Wameniambia Mzee Suleimani alisimama pale mlangoni muda mrefu, kisha akampa askari chai. Jumatatu simu yako ikafika Lushoto, Jumanne ikapanda Lukozi, na Paskali aliisoma kwa sauti dukani kabla haijafika kwa mtu. Leo hii naushukuru ule mdomo wake.

Alhamisi mzee, aliyeelekezwa na mama yako, akaja hapa mwenyewe, kwa miguu, na karatasi ya simu mfukoni. Nilijiandaa kwa matusi. Akaamkiana na Secilia vizuri, akaketi.

"Mwamvita, umetoroka na mali ya kijiji."

"Nimetoroka nayo ikiwa hai, mghoshi, mzee wangu. Mngekuwa nayo ikiwa mzoga."

Akaitoa karatasi akaikunjua juu ya goti. "Huyu kijana wako ana hakika? Kumi na moja?"

"Anasomea hilo."

Akafikiri. Akasema watangoja. Lakini kumi na moja ikipita na hakuna kitu, atakuja tena na hatakuja peke yake, na mimi nisitoroke. Nikakubali. Nilikuwa na njia gani? Kwa hiyo, mwanangu, nimebeba neno lako kama dhamana. Liwe la kweli.

Barua yako nimeletewa hapa jana, na vioo vya buluu sijamwambia mama yako. Amebaki nyumbani na Zuhura, goti halimruhusu kutoka kusikia ya dukani, na bado anadhani nimekuja Gare kwa mbegu.
Shangazi yako, Mwamvita


Cairo,
19 Novemba 1969

Kwa Shangazi yangu, mwizi wa farasi,

Shikamoo mara mbili. Nilipofika "yuko hai" nilimkumbatia mlinzi wa bweni, naye hakujua sababu akanikumbatia vilevile. Habari ya punda nimemsimulia mwalimu wetu. Amesema anakuja Lukozi kukuposa, lakini ana wake wawili tayari.

Sikiliza sasa. Neno langu ni la kweli, lakini farasi hawajui kalenda, anaweza kupitisha siku kadhaa. Usiogope. Ukiona chuchu zimetoa nta, saa imekaribia. Farasi hapendi kutazamwa, atangoja mpaka watu waondoke ndipo azae, kwa hiyo msimzunguke kama harusi. Msimvute mtoto. Akishatoka, kitovu mkipake iodini. Mtoto asimame na anyonye mapema, na kondo litoke lote. Akisimama mwenyewe, umemaliza.

Nafunga huku pamoja nanyi. Nikifuturu namtaja na Shamsa, Mungu anisamehe.
Yunis


Lukozi,
13 Desemba 1969

Mwanangu Yunis,

Idi njema. Tumerudi nyumbani, wote. Mama yako ameshajua kila kitu, na amenigombeza kwa ajili ya Shamsa, kwa ajili ya miguu yangu na kwa ajili ya vioo vyako vya buluu, kwa mpangilio huo. Umwandikie.

Nikusimulie ilivyokuwa. Hesabu ya Mzee Suleimani ilikwisha Jumatano, katika kumi la mwisho la mfungo. Shamsa alikuwa anakula maboga tu. Ijumaa baada ya sala mzee akafika Gare, na kweli hakuja peke yake, askari yuko nyuma na bunduki imefungwa kitambaa. Nikamwambia kijana wangu ameandika anaweza kupitisha siku. Akasema, "Barua zako kila zikija zinaongeza siku, Mwamvita."  Nilimwomba angoje mpaka Jumapili. Nilimwomba kwa jina la Hassani, na sijawahi kuombea kitu kwa jina hilo tangu nimzike. Akamwambia askari ashuke Lushoto arudi Jumapili asubuhi, yeye mwenyewe akabaki pale Gare.

Jumamosi tulifuturu pamoja pale kwa Secilia. Yeye Mkatoliki lakini ndiye aliyetuamsha daku, na uji wake hauna mfano. Nilikwenda bandani nikagusa chuchu, kidole kikanata. Nta. Nikataka kupiga kelele, nikakumbuka usemavyo wewe, nikarudi ndani nikawaambia hakuna kwenda bandani mtu yeyote. Mzee akasema, "Kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Tukala daku. Tukasali alfajiri. Mimi sijui nilisali nini.

Kulipopambazuka nikafungua mlango wa banda. Yunis, alikuwa amelala ubavuni mwa mama yake, ameloa, mweusi wa kahawia, na ana nyota ndogo usoni. Jike. Shamsa alikuwa anamlamba masikio, akaniangalia kama ananiuliza nilikuwa wapi. Mzee Suleimani alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia alivyokuja.

Mtoto akajaribu kusimama. Miguu yote mirefu, haina mpango, akaanguka. Akajaribu tena, akaangukia pua. Mzee akapiga hatua amsaidie, nikamzuia kwa mkono, nikamwambia daktari amekataza. Tukasimama pale wawili tunamtazama. Mara ya nne akasimama, anatetemeka kila mahali, akatafuta tumbo la mama yake, akapata. Tukasikia ananyonya.

Nililia. Hassani alipofariki watu walisema nina moyo mgumu kwa sababu sikulia mbele yao. Pale nililia kwa sauti mpaka Secilia akaja mbio na mwiko mkononi akidhani kumeharibika. Nilikuwa na furaha, mwanangu, sikuwa na kitu kingine ndani yangu.

Askari alipofika na bunduki yake alimkuta mwenyekiti wa kijiji ameketi juu ya majani, kofia mkononi, anajifuta macho kwa kanzu. Akauliza, "Mzee, vipi, ndiye huyu?" Mzee akainuka. Alinigeukia mimi.

"Mwamvita," akasema, "nilikuwa naua wawili."

 Nikamkabidhi kamba ya Shamsa. Akaipokea kwa mikono miwili, na Shamsa akamwachia amshike.

Shangazi yako akupendaye,
Mwamvita